Fungu la Karoti

Mfupa unaovunjika kwenye filamu ni karoti.
Nazinunua soko la Ngara, fungu la hamsini,
na Moraa anayeniuzia haulizi tena
kwa nini nataka zilizo ngumu,
wala kwa nini naivunja moja kando ya sikio
kabla ya kulipa.

Kisu kinachoingia ubavuni ni kabichi.
Damu inayodondoka sakafuni ni uji wa wimbi, uliopoa.
Mlango wa muuaji ni kiti cha marehemu baba,
kile cha kukunja: nakikalia taratibu,
kikianza kulalamika
nabonyeza kitufe cha kurekodi.

Sakwa, mwongozaji wetu, ana sheria zake.
Kila filamu hunisomea upya, kama kwamba zimeshuka jana.
Simu iishiwe chaji pale tu inapohitajika.
Gari lisiwake. Lisiwake tena. Liwake.
Atangulie paka, muuaji afuate:
waruke kwa ajili ya paka, wacheke, walegee,
ndipo.
Mtazamaji ajue kuna miguu nyuma ya pazia,
mwenye nyumba asijue; mwache achemshe chai,
mwache atafute sukari.
Na anayemletea mfiwa chakula
ndiye wa kuchunga.

"Lakini kuu kuliko zote," husema kidole kikiwa juu,
"ni kimya. Kabla ya pigo, ondoa kila kitu.
Ondoa upepo. Ondoa friji. Ondoa mbwa wa jirani.
Sekunde nne tu. Watajaza wenyewe."

Miaka kumi na mmoja nauza kimya kwa sekunde
kama wauzavyo mafuta ya kupikia kwa kipimo,
na sijawahi kubaki nacho nyumbani.

Jumanne stima ikapotea.
Nilikuwa namuua Kerubo kwa mara ya tisa,
kwenye ngazi za jengo lisilokwisha kule Ruaka,
na Ngara nzima ikanyamaza kwa mara moja:
mashine ya kinyozi, mahubiri ya redio ghorofa ya pili,
hata lile tangi la maji linaloguguna juu ya paa.

Nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Hakuna kilichoruka.
Tano.

Kisha kandambili, kwenye ngazi zetu.
Wa kushoto unaburuta, wa kulia unapiga.
(Ningeambiwa nitengeneze hatua hizo
ningeona nimetia chumvi.)
Zikasimama mlangoni pangu.
Simu: asilimia mbili.
Nikacheka bila sauti, na mkono wangu,
mkono huu uliokwisha kuua watu thelathini na sita,
ukapapasa mezani kutafuta silaha
ukashika karoti.

"Ni mimi, Oyugi. Wa mlango wa pili."

Mzee wa ukutani. Tangu tumzike mkewe mwezi wa nne
sijamwambia zaidi ya pole na habari ya jioni.
Hakuja kuomba mshumaa; alikuwa nao,
umezimwa na upepo wa ngazi.

"Nilisikia umenyamaza," akasema.
"Kila usiku nalala ukivunja mifupa.
Mayowe yale, vile viti vyako.
Najua kuna mtu.
Leo nikasikia hakuna."

Sikuwa na sheria ya hapo.
Hakuna aliyewahi kuniambia
kwamba upande wa pili wa ukuta
hofu yangu imekuwa blanketi la mtu.

Nikampisha. Kiti cha baba kikalia chini yake,
kirefu, vizuri kuliko nilivyowahi kukinasa,
na kinasa sauti kimezimika.
Nikamkatia kabichi, nikamwekea karoti mbili.
Kama ningekuwa nimewekewa pazia nyuma yangu
mtazamaji angeshika roho mkononi:
huyo hapo, anamletea mfiwa chakula.

Tukakaa gizani tukivunja mifupa kwa meno.

Stima ilirudi saa tano kasorobo.
Kerubo bado yuko ngazini,
mguu mmoja hewani, anageuka.
Sijamrudia.